Hawakumkataa Baba Yako

Kuloba mwanangu,

Nimekasirika, na nataka ulijue hilo kabla hujasoma zaidi, usije ukadhani huu ni unyonge wa mgonjwa anayeaga. Habari za nguo, nauli na dawa ya kidonda Mama Hadija ameshakwambia, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka kusikia. Hapo sina la kuongeza. Umekwenda Masese kuwaaga rafiki zako, na mpaka urudi nina alasiri hii na kalamu.

Kilichonikasirisha ni neno lako la jana. Uliingia chumbani, ukapiga magoti kando ya kitanda changu, ukasema: "Baba, niombee kwa wazee waniinue na mimi, kama walivyokuinua wewe. Sitaki kubaki chini kama baba yangu mzazi."

Mama Hadija alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Aliniangalia, maana yeye anajua nusu ya mambo haya. Nami nikafanya nini? Nikakuwekea mkono kichwani nikasema inshallah. Tangu saa ile najichukia.

Kesho unapanda gari kwenda Mbale, na kutoka Mbale unapanda mlimani kwetu, ukasimame uani mbele ya ngariba, kwa sababu mwaka huu ni mwaka wa imbalu, tohara ya kimila ya kwetu, na wewe umekataa kutahiriwa hospitalini. Sikuzuii. Umeshakuwa mtu mzima. Lakini unakwenda ukiamini kwamba kisu kikikugusa, mababu watakutoa mwilini na kukuweka juu, usisikie kitu. Na kwamba wasipokutoa, basi wamekukataa kama walivyomkataa ndugu yangu Gidudu, baba yako mzazi. Imani hiyo ilitoka kinywani mwangu. Basi isikilize tena kutoka kinywa hicho hicho, safari hii bila mapambo.

Tulisimama asubuhi moja, Gidudu na mimi, katika ua wa baba yetu. Tulikuwa tumecheza ngoma ya kadodi siku nyingi, tumezunguka kwa wajomba na mashangazi, njuga zimetuchubua mapaja. Walitupaka unga wa ulezi na tope usoni na kichwani. Mimi ndiye mkubwa, nikatangulia. Nilishika fimbo nyuma ya shingo kwa mikono miwili, nikakaza macho kwenye mgomba uliokuwa ng'ambo ya ua. Nilikuwa naogopa. Hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Nilikuwa nasema moyoni: siwezi, siwezi, siwezi.

Halafu sikuwepo. Nilikuwa juu kidogo ya paa, naangalia chini. Niliona utosi wa kijana, unga umemkauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Niliona mgongo wa ngariba ukiinama. Nilijua kwamba kijana yule ni mimi, kama unavyojua jina la mtu usiyemjali. Mama alikuwa anajiandaa kupiga vigelegele, na sikumpenda wala sikumchukia. Ndugu yangu alikuwa anasubiri zamu yake, midomo imemkauka, nami sikumwonea huruma hata chembe. Kisha filimbi ya ngariba ikalia, kazi imekwisha, nikawa chini tena, nimesimama, damu inanitiririka, na watu wanaruka wakiimba jina langu.

Ikaja zamu ya Gidudu. Kisu kilipomgusa alisema "Mama." Hakupiga kelele. Alisema neno hilo moja, kama mtu anayeita kwenye chumba cha pili, na mguu wake wa kulia ukarudi nyuma. Basi. Wanaume wakamrukia, wakamshika mikono na kiuno, ngariba akamaliza kazi yake. Vigelegele havikupigwa. Mama yetu aliingia ndani ya nyumba akafunga mlango.

Jioni ile nililazwa kwenye mkeka, wazee wakaja kunipongeza. Nikawaambia nilichoona. Nilikuwa nashangaa tu, nataka mtu anieleze. Mkubwa wao aliuliza, "Huko juu, ulikuwa peke yako? Hakukuwa na mzee kando yako?" Nilifikiri. Nikasema labda alikuwepo. "Amevaa ngozi?" Nikasema labda. "Ni babu yako!" akasema, na chumba kizima kikaguna kwa furaha. "Amekuja kumshika mjukuu wake. Amemwinua." Halafu mwingine, mdomo umejaa nyama, akaongeza, "Na yule mwingine amemwangalia akapita."

Gidudu alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta wa udongo. Alisikia kila neno.

Ona jinsi jambo lilivyokwenda, mwanangu. Nilikuwa na kitu kimoja kidogo nisichokielewa. Kabla giza halijaingia kilikuwa kimeshapata mwenyewe, jina, nguo za ngozi na hukumu. Na hukumu yenyewe haikuniangukia mimi.

Tangu siku ile baba yako hakupita sokoni kwa amani. Walikuwa wanamwacha apite, halafu mmoja anaita kwa sauti ya kike, "Gidudu! Mama anakuita!" Watoto wadogo wasiojua hata maana yake waliitikia. Alijifunza kucheka nao. Mtu akicheka nao wanachoka, alikuwa anasema. Hawakuchoka.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeanza chuo cha matabibu, nimerudi likizo, nimevaa viatu vya kung'aa. Gidudu alikuwa anataka kuoa binti wa bonde la jirani, na mimi kama kaka nilipelekwa kumsemea. Tulikaa kuzunguka chungu cha malwa, kila mtu na mrija wake ndani ya pombe ile ya ulezi. Mzee wa upande wa binti akanitania: "Tumesikia kwenu kuna anayeruka juu ya paa na kuna anayeita mama. Huyu mkwe wetu ni yupi?" Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, huyu ni mchapakazi na moyo wake ni mpole. Nikasema, "Huyu ndiye mwenye mama. Binti yenu hatapata taabu, watoto wakija atakuwa ameshazoea kuitwa mama." Walicheka mpaka mirija ikawatoka midomoni. Gidudu naye alicheka. Posa ilivunjika wiki ile, na yeye akateremka Mbale, akapanda lori hadi Jinja, akaenda kujificha Masese kuwa fundi wa injini za mitumbwi. Hakurudi mlimani tena. Huko ndiko alikomwoa mama yako mzazi, Mungu amrehemu, na ndiko ulikozaliwa wewe, na ndiyo sababu hakukupeleka kwenye kisu.

Chuoni nilimweleza mwalimu wetu wa elimu ya ubongo kilichonitokea. Alikuwa mtu makini, nilimheshimu. Alicheka mambo ya babu. Akauliza, "Masikio yalilia? Jasho la baridi? Macho yaliona kama kwenye bomba?" Nilifikiri, nikaona kweli masikio yalilia. Akasema ni ubongo unaojilinda na hofu, unakata mawasiliano. Maelezo mazuri. Lakini hakuishia hapo. Akanipiga bega: "Una ubongo wenye nidhamu. Wengine hawana." Nikatoka nikitembea kama bwana mkubwa.

Miaka mingi baadaye nilisilimu ili nimwoe Hadija, huyu Mama Hadija wako, na shehe aliyenifundisha akasikia hadithi hii. Hakumtaka babu, wala hakuutaka ubongo. Akauliza taratibu, "Kulikuwa na nuru?" Unaweza kukisia. Nilifikiri, na nuru ikawepo. Akasema roho ni amri ya Mola, na kwamba Mungu alinipa subira kabla sijamjua, kwa sababu alikuwa ananitaka. Nilitokwa na machozi. Sikuuliza: na Gidudu, yeye hakumtaka?

Hawa walikuwa watu watatu wasioweza kukubaliana hata juu ya mvua. Kila mmoja alichukua kitu changu akakitia kwenye chombo chake, na kila mmoja akaondoka na kile alichokuja nacho. Katika jambo moja tu walikubaliana: mimi ni bora na ndugu yangu ana kasoro. Hilo ndilo linalonichoma. Babu akiwepo, nasifiwa mimi. Ubongo ukiwepo, nasifiwa mimi. Na Mungu naye, ati alikuja kunisifu mimi. Mbona hakuna hata mmoja aliyekuja na maelezo yaliyomwacha Gidudu asimame wima?

Na uharibifu wenyewe ni mkubwa kuliko hapo. Leo nikifumba macho kuitafuta asubuhi ile, namwona babu, nasikia masikio yakilia, naona nuru, vyote pamoja, vimesongamana kama abiria, na sijui tena kipi kilikuwepo. Nilichokuandikia hapo juu, utosi, unga uliopasuka, kule kutojali, ndicho ninachokiamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Vingine vyote niliulizwa kwanza, nikaviona baadaye.

Nilipokuwa tabibu wa magereza, waliniletea kijana aliyepigwa na watu sokoni Jinja kwa wizi wa simu. Nilikuwa namshona kichwa. Akaanza kucheka na meno yake yaliyovunjika.

"Afande, mimi ilikuwa juu ya mabati ya duka. Naangalia watu napiga mtu. Nikasema, masikini, ile mtu itakufa leo. Kumbe ile mtu ni mimi!"

Askari aliyemleta, mlokole wa kutoka kaskazini, hakucheka. "Hiyo ilikuwa shetani nakubeba," akasema. "Mwizi itabebwa na nani ingine?"

"Sasa afande, kama ni shetani, mbona ilinirudisha?"

"Hata shetani ilikuona wewe ni bure."

Tulicheka wote watatu, hata mimi mwenye sindano mkononi. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Kitu kile kile! Paa lile lile, kutojali kule kule. Mtoto wa ukoo mzuri akitoka mwilini, ni babu. Mwizi akitoka, ni shetani. Baada ya hapo nilianza kuwauliza wagonjwa, bila kuwatajia kitu, nikisema tu, "Niambie ilivyokuwa." Nilisikia hayo kwa askari aliyepinduka na gari, kwa mama aliyekuwa anajifungua, kwa muumini na asiyeamini. Si wote, lakini walikuwepo. Na kando ya kila mmoja wao walikuwepo wengine walioumia vile vile na wakabaki ndani ya miili yao, wakasikia kila kitu. Sikuona tofauti ya ushujaa kati yao, wala ya uchaji, wala ya akili.

Basi nilijua. Weka jambo hili mbele yako: nilijua, miaka mingi kabla baba yako hajafa.

Nilipoitwa Masese, mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya mafuta ya injini na samaki wa jirani. Alinifurahia, akaniambia nikae kwenye ndoo kwa sababu kiti kilikuwa kimevunjika. Tukaongea habari zako, jinsi ulivyo msumbufu na mwepesi wa hesabu. Halafu akasema, "Kaka, nikuulize kitu cha kijinga?"

"Uliza."

"Mimi siku ile nilisikia yote. Hata pumzi ya ngariba, alikuwa amekula kitunguu. Nilijitahidi, kaka. Kwa nini walikuinua wewe, wakaniacha mimi?"

Alikuwa ananiuliza mimi, tabibu, kaka yake, niliyekuwa nimewasikia watu wengi hivyo. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini jibu hilo lingeninyang'anya kitu, Kuloba. Mlimani nilikuwa bado ni yule aliyeinuliwa. Mbuzi huchinjwa nikifika. Nikamwambia, "Ndivyo wazee walivyoona."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepokea risiti. "Basi walikuwa na sababu yao," akasema, akageukia ukutani. Alikufa kabla ya Ijumaa. Ulikuja kwetu Wanyange na mfuko wa plastiki wa nguo, na mimi nikakulea, na watu wakanisifu hata kwa hilo.

Sasa nife nimesema. Hawakuniinua, Gidudu. Niliogopa nikatoka. Wewe uliogopa ukabaki.

Usidhani nasema roho haipo, au kwamba haitoki. Sijui. Nimesoma vitabu vya madaktari na nimesoma msahafu, na kadiri ninavyokikaribia kifo ndivyo ninavyozidi kutojua. Huenda ni roho iliyotoka. Huenda ni ubongo uliozima taa. Huenda maneno hayo mawili ni milango ya chumba kimoja. Sina ugomvi na anayesema "naamini." Ugomvi wangu ni na yule anayekujua tayari kabla hujamaliza kusimulia. Mwezi huu nilipozimia bafuni ulikuwa Mbale kupeleka salamu, hukuona kioja. Nafumbua macho, jirani yetu Bwana Isabirye ameshika mkono wangu, anang'aa. "Mzee, ulimwona Yesu?" Mjomba wako, kaka wa Mama Hadija, upande wa pili: "Mwache, huyu ni Mwislamu. Yakubu, uliwaona malaika?" Nikasema, "Niliona sakafu." Isabirye akahuzunika kweli. "Jaribu kukumbuka, mzee." Mama Hadija akawatoa nje wote wawili, ndoo ya maji mkononi. "Mtu hajavaa hata suruali, mnamwuliza habari za ahera!"

Leo asubuhi, baada ya ile inshallah ya jana kunikaa kooni, nilimpigia simu Mzee Wamboka, mkubwa wa ukoo, ambaye atakupokea. Nikamweleza yote haya.

"Yakubu, umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa."

"Basi hiyo dawa ni kali. Babu alikushika mbele ya macho yetu."

"Mliona nini?"

"Tuliona hukupepesa jicho."

"Hamkuona babu."

"Sasa nani mwingine?" Kisha akasema kwa upole, kama anayempa mgonjwa sukari, "Usijali. Huyo kijana tutamwita kwa jina lako. Tukisema ni wa Gidudu, vijana wataanza ule wimbo wao, miguu itamtetemeka. Akiwa wako, babu atamjua."

Nilitaka kuitupa simu kwa hasira. Kisha nikakumbuka kwamba mpango huo walinieleza mwezi uliopita na mimi nikaukubali. Nilifurahi hata. Nilijiona mkarimu, naazima jina langu. Leo nimemwambia hapana, kwamba jina langu halisimami pale, na akakata simu akisema nitapona. Kwa hiyo ujue: utafika huko wakiwa wanasema Yakubu amerukwa na akili. Utachagua mwenyewe wakuite mtoto wa nani. Nimekulea, na ukiniita baba hadi kaburini nitafurahi. Lakini usinitumie kumfunika yeye. Huendi kumsafisha Gidudu. Hakuwa mchafu.

Ukiwa umesimama pale, usinitafute juu ya paa. Inawezekana utatoka; ikitokea, usimshukuru mtu na usimdharau aliyebaki. Inawezekana zaidi kwamba utabaki na utasikia yote, na wazo litakujia kwamba wamekuacha. Wazo hilo ndilo nililolipanda mimi. Ling'oe hapo hapo. Hakuna aliyekuwa anachagua. Ukisimama, utakuwa umefanya jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya maishani mwangu. Na mguu ukirudi nyuma, mwanangu, acha urudi. Njoo nyumbani na kidonda chako. Atakayekucheka, mlangoni kwangu hataingia, hata kama ni mkubwa wa ukoo.

Nilikuwa nimepanga Mama Hadija akutilie barua hii ndani ya begi, uisome njiani, ukiwa mbali. Sasa hivi nimeona huo nao ni ujanja wa kutoka. Nakusikia getini, unabishana na kijana wa bodaboda. Basi nitakupa mkononi, na utaisoma ukiwa umeketi hapa kwenye ukingo wa kitanda, mimi nikikutazama usoni. Baba yako hakupata nafasi ya kunikasirikia. Wewe unayo. Usiniheshimu kwa sababu naumwa. Kama una tusi, nitukane ningali nasikia.

Yakubu, kaka wa Gidudu
Wanyange